Msimu wa Kushona Wavu wa Baba

Wavu wa baba ulinuka moshi. Chini ya moshi kulikuwa na harufu nyingine ambayo sijaikuta tena popote, harufu ya gome la mti lililokauka miaka mingi, yenye uchachu kidogo, kama ndani ya mtungi uliosahauliwa kuoshwa. Ulining'inia juu ya mafiga katika nyumba yetu ya matofali ya udongo pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, umekunjwa na kufungwa kwa kamba yake wenyewe, na siku za baridi ya Juni, kuni zilipokuwa mbichi na moshi ukakataa kutoka, harufu ile ilishuka ikakaa kwenye nguo zangu za shule. Watoto darasani walisema nanuka kama samaki wa kukaushwa. Baba alinuka vivyo hivyo, na tulikuwa wawili tu.

Babu ndiye aliyeutengeneza, kwa nyuzi za gome la mti wa msituni, huko Maniema, Kongo, mwendo wa siku mbili kutoka Kindu. Babu sikumjua. Mama pia simkumbuki. Aliugua tukiwa njiani kukimbia vita, akazikwa Tanzania nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba aliniambia kwamba siku walipoondoka wengine walibeba magodoro na masufuria, mama alinibeba mimi, naye baba akabeba wavu na redio. Watu walimcheka njiani. Walimuuliza huko aendako atawinda nini. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge mjini Kindu kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa mwindaji, lakini vitenge viliungua pamoja na duka, na wavu ndio uliobaki.

Kwao uwindaji wa wavu ulikuwa kazi ya kijiji kizima. Kila nyumba ilileta wavu wake, nyavu zikaunganishwa ncha kwa ncha mpaka zikafanya nusu duara kubwa ndani ya msitu, wanaume wakajificha nyuma yake, na wanawake na watoto wakaingia kutoka upande wa pili wakipiga kelele. Baba alipenda kunieleza jambo hili akitumia mikono yake yote miwili, akichora duara hewani. Huku wilaya ya Dowa tulikuwa na wavu mmoja, wa hatua arobaini. Baada ya mavuno, mashamba ya mahindi yalipobaki mabua matupu na wenyeji wakaanza kuchoma majani, tulitoka kambini asubuhi tukashuka hadi kwenye bonde la majani, baba akautandaza kando ya vichaka juu ya vijiti alivyochonga, mimi nikazunguka ng'ambo na kuja nikipiga kopo la maziwa kwa jiwe. Sungura walitoka, ndiyo, lakini wengi walipita pembeni, pale ambapo wavu wa jirani ungekuwepo kama tungekuwa na jirani.

Misimu miwili kabla ya huu ninaousimulia tulikuwa watatu. Odette, binti wa mama mmoja Mrundi aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuja nasi na kushika upande wa kushoto huku mimi nikishika wa kulia. Alikuwa na sauti nyembamba iliyopenya vichaka vyote, na baba alisema msichana yule peke yake ni sawa na mbwa wawili. Mama yake ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi, mimi na Odette tukikaa kwenye mkeka mmoja tukisubiri zamu. Mwaka ule, nilipokuwa na miaka kumi, familia yao ilikubaliwa kwenda kuishi nchi za ng'ambo. Waliondoka asubuhi kwa basi, wamevaa masweta wote, na Odette hakugeuka kwa sababu alikuwa akimshika mdogo wake asianguke. Mama yake aliniachia bunda la uzi mweusi wa kusukia. Akaniambia baba atafute mama mwingine wa kunisuka. Baba hakutafuta mtu. Alininyoa kwa wembe, uzi ukabaki kwenye kikapu.

Juma lililofuata wavu ulichanika. Baba alikuwa akiukusanya baada ya asubuhi isiyo na kitu, akauvuta, na kisiki kilichojificha kwenye majivu kikashika matundu matano kwa mpigo. Nilisikia sauti yake, kama mtu anayerarua kitambaa chini ya maji. Tundu lilikuwa kubwa kiasi cha kupitisha kichwa changu, nami nikakipitisha nikidhani nitamchekesha. Hakucheka. Alikaa chini palepale akaanza kuhesabu mafundo yaliyokatika kwa kidole gumba, taratibu, na midomo yake ikitembea bila sauti.

Alianza na kile kilichokuwa karibu. Tulikuwa na gunia tupu la unga, lile la plastiki iliyofumwa, na akachomoa nyuzi zake moja moja akazikunja mara nne na kushona tundu lote jioni moja. Lilipendeza, jeupe katikati ya kahawia. Lakini fundo la plastiki halikai, linateleza kama mlenda, na sungura wa kwanza aliyelivamia alilifungua lote kama mtu anayefungua kamba za viatu. Baba akaenda kwa kijana aliyetengeneza baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, barabarani, akaomba vipande vya mpira wa ndani ya gurudumu, akavikata vipande vyembamba. Mpira ulishika mafundo vizuri sana, ila ulivutika. Sungura wa pili aliingiza kichwa, tundu likapanuka, akapita zake bila haraka kama anayepita kwenye pazia. Kila mara baba alilazimika kukata sehemu zilizolegea ili apate mahali pazuri pa kuanzia upya, na kila mara tundu lilizidi kukua.

Mara ya tatu aliangalia ndani ya kikapu. Akanyanyua lile bunda la uzi mweusi, akanitazama, akatazama kichwa changu kilichonyolewa.

"Unaitumika?" akaniuliza.

"Hapana."

Akaushona wavu kwa uzi wa nywele zangu, ameusokota mara tatu, na ulishika kuliko vyote. Siku mbili baadaye ulimkamata sungura mmoja, na baba alisema, "Njo hii iko nguvu," akacheka, na tulikula nyama na nsima, ugali wa Malawi, mpaka tukashindwa kuinuka. Kisha akaja sungura mkubwa, mwekundu mgongoni, akauma uzi kwa meno yake yote akaukata. Baba alimkimbilia kwa mikono mitupu. Alikimbia vizuri kwa umri wake, lakini ardhi ilikuwa imelimwa matuta, akaanguka kifudifudi. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na wanaume wanne wenyeji na mbwa wao, wamesimama wakitutazama. Mmoja akasema jambo kwa sauti.

"Banasema nini?" baba akaniuliza akijifuta udongo. Yeye Kichewa, lugha ya wenyeji, kilimshinda. Mimi nilikuwa nimekipata shuleni.

"Banasema wavu wetu umezeeka."

"Bako na haki," akasema.

Ndipo alipoamua kwenda Lilongwe. Alikuwa amesikia kwamba mtaa wa Old Town, nyuma ya maduka ya jumla, kulikuwa na fundi anayeshona nyavu za wavuvi wa ziwani, mtu wa kazi safi. Tuliomba ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda juu ya lori la mchanga. Fundi tulimkuta kwenye baraza, mtu wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi, amekaa katikati ya nyavu za kijani kama mtu aliyekaa kwenye nyasi. Alikuwa na sindano za mti za ukubwa mbalimbali, zimepangwa kwenye kitambaa. Aliukunjua wavu wa babu, akaunusa, akatikisa kichwa. Akasema kwa Kichewa, nami nikamweleza baba, kwamba vitu tulivyovitia mle ni takataka, kwamba tumbo lote la wavu lazima likatwe na kujazwa nailoni mpya, na kwamba kazi nzuri ina bei yake. Alipotaja bei, niliisema kwa sauti ndogo. Baba aliniomba niirudie.

Tulirudi kwa fundi yule kesho yake, na redio. Ilikuwa redio ndogo yenye mfuniko wa betri uliofungwa kwa kamba, na kila jioni ilituletea habari kwa Kiswahili, majina ya miji ambayo baba aliijua na mimi sikuijua. Fundi aliiwasha, akaisikiliza kidogo, akaiweka nyuma yake. Baba aliniambia nimwambie zikomo, yaani asante, nikasema. Njiani kurudi aliingiza mkono wake kwenye mfuko wa koti mara mbili tatu kama anayetafuta kitu, akautoa mtupu.

Ndani ya siku nane wavu ulikuwa tayari. Kipande kipya cha kijani kilikaa katikati kama dirisha, mafundo yake madogo na sawa, hakuna hata moja lililopotoka. Baba alipitisha kidole juu yake mara nyingi. "Fundi ni fundi," alisema. Tulikamata sungura watatu juma lile, na kila mmoja aligonga kijani akabaki pale. Jioni zilikuwa kimya. Tulikula tukisikia redio ya jirani ikizungumza lugha nyingine, baba akiinamisha kichwa kuelekea ukutani kana kwamba maneno yangebadilika.

Kile ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba nailoni ni nyembamba na ngumu, na nyuzi za babu zilikuwa nene na laini. Kila mnyama alipougonga wavu, kile kijani kilisaga ule ukahawia pale vilipoungana, kidogo kidogo, kama msumeno. Sungura wa nne alikuja kwa kasi, nikimwona kwa macho yangu, akaingia katikati ya kipande kipya. Kipande hakikuchanika. Kiling'oka chote, mzunguko mzima, na sungura akaondoka nacho, amejiviringisha ndani yake, akirukaruka na kuanguka na kuruka tena mpaka akaingia kichakani. Tulikikuta kipande baadaye kimenasa kwenye miiba, kizima, kitupu. Kwenye wavu wa babu palibaki nafasi ambayo baba mwenyewe angeweza kupita akiinama.

Alikaa kwenye tuta. Nilikaa karibu naye, na jua likapanda. Mwishowe akasema, "Mi nilitoa redio," basi, si kwa hasira, kama mtu anayejikumbusha jambo la kweli.

Tukirudi tulipita kando ya shamba moja lililozungushiwa mkonge, majani yake marefu yenye miiba nchani. Nilikuwa nimeupita kila siku. Sijui kwa nini siku ile niliushika.

"Baba, hii haiwezi kuwa kamba?"

Aliutazama kwa muda. "Baba yangu angenicheka," akasema. Lakini alitoa kisu.

Alikuwa amekata majani sita au saba mbwa walipobweka, na mwenye shamba akatokea. Nilimtambua mara moja; alikuwa mmoja wa wale wanne wa ng'ambo ya bonde. Aliitwa Bambo Kamwendo, yaani Bwana Kamwendo kwa Kichewa, mrefu, mwenye jino moja lililovunjika. Niliogopa, kwa sababu watu wa kambini hatukuwa na sifa nzuri kwenye mashamba ya watu. Baba alisimama na kisu mkononi, asijue akifiche au akishike. Niliongea haraka sana, nikaeleza wavu, nikaeleza Old Town, nikaeleza hata sungura aliyeondoka na kijani. Bambo Kamwendo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua jani moja kutoka mikononi mwa baba, akaliweka juu ya jiwe, akalipondaponda kwa rungu lake, akakwangua nyama ya jani kwa upande butu wa kisu, na nyuzi nyeupe zikatoka ndefu kama nywele za mzee. "Hivi," akasema. Akatuambia tukate tunachotaka. Alipokuwa akiondoka aligeuka akaniambia nimwambie baba yangu kwamba yeye ana mbwa watano na ndugu watatu, ila wavu hana.

Sitasahau majuma yaliyofuata. Tulikaa mlangoni kuanzia nitokapo shule hadi giza, mimi nikisokota nyuzi juu ya paja, baba akishona. Maji ya mkonge yaliniwasha mpaka ngozi ikatoka vipele, na paja langu la kulia likawa jekundu kama lililoungua, nikahamia la kushoto. Alinifundisha fundo la babu, linalozunguka mara moja na kujifunga lenyewe kadiri linavyovutwa. Nilikosea mara nyingi, naye alifungua bila kunilaumu. Na kwa kuwa hapakuwa na redio, alizungumza. Alizungumza zaidi katika majuma yale kuliko miaka yote. Alinieleza duka la vitenge, aliniambia mama aliimba vibaya na hakujali, kwamba alikuwa na mwanya kama wangu. Sikujua kwamba nina mwanya. Nilipitisha ulimi kwenye meno yangu usiku kucha.

Wavu ulipokwisha kushonwa tulikwenda kwa Bambo Kamwendo. Palikuwa na jambo la mbwa. Sisi ni Waislamu, na baba hakutaka nyama iliyoumwa na mbwa, na alitaka kuchinja mwenyewe. Nilikaa katikati ya wanaume watano nikigeuza maneno upande huu na ule, na mwisho walikubaliana: mbwa watafukuza, wavu utakamata, kitakachonaswa na wavu atachinja baba na watagawana, kitakachokamatwa na mbwa ni cha wenyeji. Wakapeana mikono. Bambo Kamwendo akaniambia kwamba bila mimi wangekuwa bado wanatazamana ng'ambo na ng'ambo. Nilijiona mkubwa sana.

Niliwinda nao mara moja tu. Wavu ulishika. Sungura alipougonga, ule mkonge ulivutika pamoja na nyuzi za babu kama vitu vilivyozaliwa pamoja, na baba akapiga bismillah na wanaume wakashangilia. Usiku ule baba aliniomba nimfundishe maneno machache ya Kichewa: kushoto, kulia, simama, anakuja. Nilimfundisha mpaka akayashika yote. Aliyarudia akiwa amelala, kwenye giza, kama mtoto anayesoma.

Mara iliyofuata niliamka kabla yake nikachukua kopo langu. Aliniona nikiwa mlangoni.

"We baki leo," akasema. "Batu ni bengi. Mbwa ni bengi."

Nikabaki. Na juma lililofuata nikabaki, na msimu uliofuata. Nilikaa kwenye kizingiti nikasikia mbwa wakibweka mbali, kisha sauti za wanaume, na katikati ya sauti hizo, ile ya baba yangu, akipaza maneno niliyomfundisha, akiyatamka vibaya na kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Alirudi mchana amebeba nyama, akinuka tumbaku ya watu wengine, na nikaipika, tukala, naye akasinzia akiwa amekaa. Hakunikosea chochote. Nilikuwa na chakula, nilikuwa na shule, nilikuwa na baba mwenye furaha. Nilijaribu kujiunga na wasichana wa darasani, lakini walikuwa wameshagawana marafiki, na mimi nilijua tu kukimbiza sungura.

Sasa naishi Kauma, Lilongwe, kwenye chumba kimoja, na nashona sare za shule kwa cherehani ya kukodi. Nafungua mlango jioni na hakuna aliyewasha taa. Nikilinganisha siku hizi na zile, sioni kwamba zile zilikuwa za raha kuliko hizi. Nilikuwa na njaa mara nyingi na miguu yangu ilipasuka kwa baridi. Lakini kwa majuma machache nilihitajiwa na mtu, kuanzia mapaja hadi ulimi, na sijahitajiwa hivyo tena. Baba bado yuko Dzaleka. Kichewa chake sasa kinashinda changu kwa utani, na watoto wa Bambo Kamwendo humletea karanga na kukaa naye. Mashamba yamejaa nyumba, sungura wamekwisha, na wavu aliutoa kwa familia ile miguu ilipoanza kumsumbua, wanafungia kuku.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Tulikaa tukimenya karanga, na nikamuuliza, nikijifanya nauliza tu, kwa nini aliacha kunichukua porini baada ya wale wanaume kuja. Alishangaa. 

"Nilikuonea huruma," akasema. "Ulikuwa mutoto wa kike, unafanya kazi ya mwanaume, paja lako limechubuka vile. Nikasema, sasa Mungu ametupa batu, acha mutoto wangu naye aende kucheza na benzake." Akanitazama. "Ulicheza?"

Ganda la karanga lilikuwa kwenye vidole vyangu. Nilifikiria kizingiti cha nyumba yetu, na mbwa kule mbali.

"Nilicheza, Baba," nikamwambia. "Nilicheza sana."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akanisogezea sahani.